Probox ya samaki iliyokwama gia ya tatu

Gari hili lilipofika kwangu lilikuwa limeshahukumiwa. Mwenyewe, ninayemwita Ami, ni mchuuzi wa samaki, anabeba kutoka Ngomeni hadi soko la Malindi na siku za bahati mpaka Kilifi, na alikuwa tayari anavutana bei na muuzaji mmoja wa Mombasa juu ya gia boksi ya mtumba kutoka Japani. Kazi aliyonitakia mimi fundi wa nyaya ilikuwa ndogo: nitenganishe nyaya za boksi la zamani ili lishushwe bila kukatwakatwa, kisha nije kuzirudisha jingine likifika.

"Ami, kabla hatujalishusha, niachie mpaka adhuhuri nilipime."

"Pima, mwanangu. Lakini barafu hainisubiri."

Nilitaka kupima kwa sababu ya jambo alilolitaja juu juu tu: asubuhi gari huwa zima kabisa. Boksi lililokwisha klachi haliponi kwa kulala. Hili likitoka Ngomeni na mzigo hubadilisha gia zote nne vizuri. Likishapita Gongoni na Mambrui, injini ishapata moto, mara nyingi kabla ya daraja la Sabaki, taa ya injini inawaka na gari linakuwa zito ghafla. Kuanzia hapo kila tuta ni kazi: unakanyaga, injini inaguna, gari linajivuta. Likishika mwendo linaenda, ila kwa kelele kuliko kawaida. Rivasi haina neno. Ami akizima na kuwasha tena, gia zinarudi kwa kitambo, na dawa hiyo alikuwa ameshaizoea: anaegesha kando, anazima, anawasha, anaendelea na safari.

Hali hii ndiyo mafundi wanayoiita limpu modi, yaani mwendo wa dharura. Kabla ya kusema zaidi juu ya Probox ya Ami ni vizuri kueleza inatoka wapi, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea.

Boksi la gari hili ni lile la otomatiki la gia nne linalofungwa na injini ya 1NZ. Gia hubadilishwa kwa mafuta yenye presha, mafuta yanaelekezwa na valvu, na valvu zinaamrishwa na solenoidi mbili (sumaku ndogo za umeme), S1 na S2, zinazopokea umeme kutoka kwa kompyuta ya injini. Zote mbili zikipata umeme, gari liko gia ya kwanza. S1 ikizimwa na S2 ikabaki, ni ya pili. Zote zikizimwa, ni ya tatu. S1 ikiwashwa peke yake, ni ya nne. Hebu itazame tena hiyo ya tatu: haihitaji umeme kwenye solenoidi yoyote. Ni mpango mzuri, maana nyaya zikikatika gari halikuachi porini, linakusindikiza nyumbani kwa gia ya katikati. Kwa hiyo gari lililokwama gia ya tatu linakwambia kwamba solenoidi hazipati umeme, au kompyuta imeona kasoro ikaamua kuzinyima. Kwamba boksi limekufa, hilo halijasema.

Bado ilinibidi kuhakikisha kwamba kweli ni ya tatu, si klachi zinazoteleza. Probox hii haina mita ya mizunguko ya injini, kwa hiyo nilitumia sikio. Uwiano wa gia ya tatu kwenye boksi hili ni 1.000, wa nne ni 0.700. Maana yake, gari likianguka kutoka ya nne hadi ya tatu bila kupunguza mwendo, injini lazima izunguke zaidi kwa kiasi cha asilimia 43. Hiyo si sauti ya kubahatisha, inasikika hata kwa asiye fundi. Tukashika barabara ya Garsen mpaka taa ikawaka, na injini ikapaza sauti palepale huku sindano ya mwendo haikusogea. Nikakanyaga: sauti na mwendo vikapanda pamoja. Nikaachia: vikashuka pamoja. Klachi inayoteleza haifanyi hivyo. Injini ingelia juu na gari lingebaki pale pale.

Mafundi wawili walikuwa wamelitazama kabla yangu. Mmoja alibadilisha mafuta ya gia boksi, na hali haikubadilika. Wa pili alichomeka kidude cha bluetuthi kinachosomwa na simu, kikakataa kuunganika, akahitimisha kwamba ama kompyuta imekufa ama boksi, na kati ya hivyo viwili boksi ndilo linalopatikana kwa urahisi. Kidude chake hakikuwa kibovu. Magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi yenye umbo lilelile la kimataifa chini ya usukani, lakini mazungumzo yanayopita humo ni ya Toyota yenyewe, na vidude vya bei rahisi haviyaelewi. Mashine ya maana inayasoma. Ukikosa mashine ipo njia ya kale, na mimi hata nikiwa na mashine bado naipenda.

Kwenye soketi hiyo ya matundu 16, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya ufunguo ukiwa umezimwa. Kisha unafungua ufunguo bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa kodi, yaani namba za kasoro ambazo kompyuta imezihifadhi. Kila mpepeso unakaa nusu sekunde. Kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili taa inatulia sekunde 1.5, na kati ya kodi moja na nyingine sekunde 2.5. Gari lisilo na kodi hupepesa haraka haraka mfululizo, bila kituo. Chunga tundu tu: la 16 lina umeme wa betri muda wote na la 4 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia mwili wa gari, na ukiyaunganisha hayo mawili ujue kuna fyuzi umeiaga.

Tukazima redio, tukahesabu wote wawili. Sita, kimya, mbili. Kimya kirefu zaidi. Sita, kimya, tatu. Ikarudia tena tangu mwanzo. 62 na 63.

Katika orodha ya Toyota, 62 ni mzunguko wa umeme wa S1 na 63 ni wa S2, umekatika au umegusana na kitu. Kwenye mashine za siku hizi zingetokea kama P0753 na P0758. Tarakimu ya mwisho hapo ina uzito. Laiti ingekuwa P0751 au P0756, kompyuta ingekuwa inasema: umeme nimepeleka na umefika, lakini gia niliyoiagiza sikuiona, na hapo ningeanza kushuku valvu iliyoganda au mafuta machafu. Ingekuwa kodi za jamii ya P0730, za uwiano wa gia kutolingana, ningemwambia Ami amalizane na yule wa Mombasa. Hizi mbili zetu zilikuwa zinalalamikia umeme peke yake.

Sasa hapa kuna mtego mwingine, na nimeona watu wakiuangukia wakiwa na mashine za bei kubwa mkononi. Mashine inaandika "solenoidi A", mtu anakwenda kununua solenoidi. Lakini kodi ile inataja njia nzima: kompyuta, waya, soketi, solenoidi, mwili wa gia boksi, athi. Solenoidi ni kituo kimoja tu njiani. Na solenoidi mbili kufa dakika moja, zikafufuka pamoja kila asubuhi, ni jambo gumu kuliamini. Nikatafuta kinachozikutanisha. Ni vitu vitatu: soketi moja pale kwenye boksi, fungu moja la nyaya, na athi moja.

Betri na alterneta nilizimaliza mapema, kwa sababu umeme dhaifu huleta kodi za uongo za kila namna: betri volti 12.5 injini ikiwa imezimwa, 14.1 ikiwa inaunguruma. Athi nayo haikunichukua muda. Solenoidi hurudishia umeme wake kwenye mwili wa boksi, na stata imefungwa kwenye mwili huohuo na inavuta ampea nyingi mno kuliko solenoidi. Stata ilikuwa inazunguka kwa nguvu. Nilipima hata hivyo, kati ya mwili wa boksi na kichwa hasi cha betri huku Ami akipiga stata, na kilichopotea hapo hakikufika volti 0.2. Athi nzima.

Nikafungua soketi ya gia boksi, nikapima kila solenoidi kutoka kwenye pini yake hadi kwenye mwili wa boksi. Kitabu kinataka ukinzani wa omu 11 hadi 15 kwa joto la nyuzi 20. Mimi nilipata 15.8 na 16.1, na fundi anayesoma kitabu bila kufikiri angesema zimezidi. Lakini boksi lilikuwa la moto, limetoka barabarani sasa hivi. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mafuta yakiwa nyuzi 80, ile 11 hadi 15 inakuwa kama 13.6 hadi 18.5, na vipimo vyangu vinakaa humo bila kusukumwa. Tena zinakaribiana, kitu ambacho solenoidi mbovu hazina desturi nacho.

Hapo yule muuzaji wa Mombasa alipoteza mteja. Fikiria ingekuwaje boksi lake lingefungwa: soketi ileile, inayotoka kwenye nyaya zilezile, ingechomekwa kwenye boksi jipya, na kesho yake karibu na Sabaki gari lingeanguka gia ya tatu kama kawaida. Ami angesema ameuziwa bovu. Muuzaji angeapa kwamba lilitoka Japani likitembea. Na wote wawili wangekuwa wanasema kweli.

Zikabaki nyaya, kutoka kompyuta iliyo chini ya dashibodi upande wa abiria hadi mbele kwenye boksi. Nilichomoa ncha zote mbili, huku kwa kompyuta na kule kwa boksi, nikapeleka umeme wa betri kupitia fyuzi ndogo kwenye waya wa S1, nikaenda kupima ncha ya pili kwa multimita. Volti 12.4. Waya mzima, au ndivyo ilivyoonekana. Hapa ndipo multimita hudanganya watu, maana yenyewe hainywi umeme. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utapitisha volti zote madhali hakuna anayezitumia. Nikachukua balbu ya indiketa ya wati 21, ambayo hutaka kama ampea 1.75, karibu mara mbili ya inazotaka solenoidi, nikaifunga pale mwisho. Ikatoa wekundu hafifu, uzi wa ndani unaonekana. Kwenye balbu zilifika volti 4 na kidogo, zilizobaki zimeliwa njiani. Waya wa S2 uliwasha balbu vizuri zaidi, lakini nilipolipinda fungu la nyaya chini ya trei ya betri, balbu ikafifia, nilipoliachia ikarudi. Haya yote nilikuwa nayafanya injini ingali na moto. Gari lililopoa lingenipa majibu ya asubuhi.

Trei ya betri ikatoka. Chini yake, pale fungu linaposhuka kuelekea boksi, palikuwa na tepu nyeusi iliyozungushwa nene, imelainika na kunata. Nilipoichambua nikakuta nyaya kadhaa zilishawahi kukatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa tu, nyingine zimeongezewa vipande vya waya mwembamba wa rangi zisizofanana. Kiungo cha S1 nilikigusa kwa kidole kikaachia. Ndani ya ganda la plastiki hapakuwa na shaba tena, palikuwa na unga wa kijani, na nyuzi mbili tatu nyeusi zilizokuwa zikibeba kazi yote. Nikakata nyuma kidogo kutafuta shaba inayong'aa: bado nyeusi. Nikakata tena. Maji ya munyu yakishaingia kwenye kiungo hupanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, na unaweza kwenda nayo shibiri nzima bila ganda la nje kuonyesha chochote.

Munyu haukuwa na safari ndefu. Gari hili linapakia samaki mita chache kutoka majini Ngomeni, linapita kila siku kando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, na wakati wa kusi upepo unaleta unyevu wa bahari hadi ndani ya boneti. Juu ya hayo linaoshwa injini kwa mashine ya presha, kwa maji ya kisima ambayo yenyewe ukiyaonja utajua. Presha ile ndiyo inayosukuma maji ndani ya tepu. Na betri iliyo juu ya yote hayo ilikuwa inachemka kidogo na kumwaga tindikali pembeni mwa trei.

Lakini kwa nini nyaya zilikatika mara ya kwanza, hata mtu akaziunganisha? Hilo nilitaka kulijua kabla ya kufunga, nisije nikatengeneza kitu kitakachokatika tena. Nikamwambia Ami akanyage breki na kuhamisha gia kutoka D kwenda R na kurudi, huku nimesimama mbele nikitazama. Boksi liliruka. Mauntini ya upande wa gia boksi, kile kishikizo chenye mpira kinacholibeba, ilikuwa imepasuka mpira, na kila gia ikiingia boksi lilikuwa linalivuta fungu la nyaya, ambalo lilikuwa limefungwa kwa waya wa binding kwenye trei bila kulegezwa. Miaka ya kuvutwa hivyo, na shaba ikachoka.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Nyaya zote zilizoguswa na kutu nilizibadilisha kutoka penye shaba safi hadi kwenye pini za soketi, kwa waya wa magari wa unene uleule, viungo vikipishana ili visigusane. Viungo nilivibana kwa koleo, nikavifunika kwa mpira wa kusinyaa ulio na gundi ndani. Wapo wanaolehemu, na kwenye dashibodi mimi pia hulehemu, lakini mahali panapotikisika risasi huufanya waya kuwa mgumu na ukakatika pale risasi inapoishia. Pini za soketi zilisafishwa zikapakwa grisi kidogo. Fungu lote likavishwa bomba la mikunjo, likahamishwa kutoka chini ya betri na kuachiwa ulegevu wa kutosha. Trei ilioshwa kwa maji ya magadi kuua tindikali. Mauntini mpya. Balbu ilipojaribiwa tena, iliwaka nyeupe kwenye nyaya zote mbili, hata nikizipinda.

Kodi nilizifuta kwa kuchomoa fyuzi ya EFI zaidi ya dakika moja. Tukatoka na gari likiwa na makasha yaliyojaa, mpaka Gongoni na kurudi, injini ikachemka vilivyo. Gia zote nne, kwenda na kurudi, na nilipounganisha tena 4 na 13 taa ikapepesa mfululizo bila kituo.

Jambo lililobaki lilikuwa mafuta. Yule fundi wa kwanza aliweka mafuta gani, Ami hajui, na chupa ilishatupwa. Boksi hili linataka Toyota Type T-IV. Niliyoyakuta yalikuwa ya hudhurungi, hayanuki kuungua wala hayana chembe za chuma kwenye vidole, kwa hiyo kule kuvuta mzigo kwa gia ya tatu hakukuwa kumeleta maafa bado. Kungeendelea kungeleta: kuondoka na mzigo kwa gia ya tatu kunapika mafuta ndani ya konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na boksi, na mafuta yaliyopikwa ndiyo yanayoua klachi za kweli. Ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 3, ilhali boksi kavu huchukua zaidi ya 6, maana yake kila ukibadilisha zaidi ya nusu ya mafuta ya zamani inabaki. Nikambadilishia mara moja, nikamwambia arudi baada ya majuma kadhaa turudie. Kipimo ni injini ikiwaka na mafuta yakiwa nyuzi 70 hadi 80, mkono wa gia umepitishwa nafasi zote na kurudishwa P, kisha unasoma alama za juu za kijiti. Na kwa mwenye Probox ya kuanzia 2014, tafadhali usinukuu haya yangu dukani. Zile zina boksi la CVT, lisilo na gia za ngazi, na mafuta yake ni mengine kabisa.

Ami alilipa nyaya, mauntini na mafuta, akapiga simu Mombasa hapohapo kuvunja biashara, kwa maneno matamu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniuliza: ikirudi tena njiani, afanye ile dawa yake ya kuzima na kuwasha?

Nikamwambia afanye, ili afike. Lakini samaki wakishashuka aje moja kwa moja, akumbuke ilikuwa wapi na gari lilikuwa na moto kiasi gani, na asikubali mtu amchomolee betri kabla sijahesabu taa. Kodi zinakaa kwa sababu ya betri hiyo, na ikichomolewa nitaanza kutafuta gizani.

"Na kuosha injini?"

"Kitambaa, Ami. Kitambaa na maji ya mfereji."

"Vijana wa pale Ngomeni watanicheka."

"Wacha wacheke. Na trei ile uiangalie kila ukiongeza maji ya betri."